BARUA PEPE NA DAFTARI LA WATEJA
Mada iliyosomwa na Kamati ya Biashara siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi



Tumepewa nafasi tueleze jinsi barua pepe ilivyotuletea wateja, na jinsi ilivyotufukuzia wengine. Hilo la pili baadhi yenu hamkupenda liwemo katika kijitabu hiki, lakini sisi wa kamati tumeona tuliseme.

Tulianza na hisa, sanduku la kufuli tatu, na karanga za Kongwa tulizopanga mafungu pale Majengo. Mteja alikuwa ni yule anayepita. Lakini Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, wizara zikaja, ofisi zikajengwa Mtumba, na mwaka 2018 mji wetu ukawa jiji. Watu wa ofisini hawapiti Majengo saa nne asubuhi, wako kwenye kompyuta zao. Ijumaa wengi wanakwenda Dar es Salaam kuona familia, na tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024 safari ni fupi. Kila mmoja anataka kitu cha kupeleka nyumbani: zabibu, ubuyu, mafuta ya alizeti. Hata mlenda mkavu unaulizwa, jamani, na watu waliokuwa wakiucheka.

Anwani za kwanza tulizipata Nzuguni kwenye Nane Nane. Daftari lilikuwa juu ya meza, anayependa aliandika mwenyewe jina, simu na barua pepe. Hazikufika hata mia. Tukawaandikia: zabibu zimevunwa, bei ya kilo ni hii, utachukua mahali fulani Ijumaa mchana, agiza kabla ya Alhamisi. Basi. Oda za wiki ile zilituzidi nguvu, ikabidi tuwaombe radhi wengine.

Hapo tukaingiwa na tamaa. Baadhi yetu tulikuwa tunapika chai kwenye semina za ofisi moja hapa mjini. Mnajua semina zilivyo, kila mtu anaandika simu na barua pepe yake kwenye karatasi ya mahudhurio. Tukazipiga picha zile karatasi. Hatumtaji aliyepiga kwa sababu kikao kizima tulikubali, na muhtasari upo. Tukawatumia wote barua moja, na kwa kutojua tukapanga anwani zote juu, kila mtu akaona ya mwenzake. Mmoja akajibu kwa hasira, jibu likawafikia wote, na wengine nao wakajibu. Wiki haikwisha tukaambiwa chai yetu haihitajiki tena. Ile chai ndiyo iliyokuwa ikilipa ada za watoto wa baadhi ya wanachama, na mwezi ule hisa zilishuka.

Kumbe hatukuwa wa kwanza. Tarehe 3 Mei 1978 huko Marekani, Gary Thuerk wa kampuni moja ya kompyuta aliwatumia watu wapatao 400 tangazo ambalo hawakuliomba, anwani zikafurika hadi ndani ya barua yenyewe, na malalamiko yakamiminika.

Majina yote ya semina tuliyafuta. Sasa anwani tunaziweka kwenye sehemu iliyoandikwa Bcc, hakuna anayemwona mwenzake. Kichwa cha barua kinataja kitu chenyewe, kwa mfano "Zabibu zimefika, mwisho Ijumaa". Ukiandika TANGAZO TANGAZO hafungui mtu. Na chini tunaandika: usipotaka tukuandikie, jibu neno BASI. Akijibu tunamkata siku hiyo hiyo, hakuna kumbembeleza. Tangu tarehe 1 Mei 2023 ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake kutumika kumtangazia biashara.

Wapo wanachama wanaosema tunaandika mara chache mno. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Tunaandika msimu ukifika, na mafuta mapya yakikamuliwa. Kuandika kila wiki huku hatuna kipya ni kupiga hodi bila shida. Tena siyo kila mteja ni wa barua pepe. Wa Kibaigwa na Hombolo tunawapigia simu, inatosha. Ila hoteli zinataka bei kwa maandishi, na maandishi yanabaki: hoteli moja ilipodai tuliiahidi bei ya chini, tulifungua barua ya zamani tukawaonyesha, wakalipa.

Ile ofisi ya semina tuliiandikia barua ya kuomba radhi, ya karatasi, tukaipeleka kwa mkono. Hawakutujibu hadi leo.

Daftari lipo kwa Katibu, karibu na mlango. Mgeni anayependa aandike mwenyewe. Asiyependa, karibu chai.