Mbabe wa bandani

Leo nina kisa cha nyumbani kwangu, na si cha kujivunia.

Uani kwangu Tabata nafuga kuku wa mayai. Si wengi, na fedha ya trei ndiyo inayonisaidia ada ya mtoto wa mwisho. Nilikuwa na mitetea kumi na miwili. Siku moja nikanunua matembe kumi, nikawafungulia bandani mchana kweupe, nikaenda kazini. Siku ya tatu tukaokota mmoja amekufa, mgongo hauna manyoya, nyama iko nje. Baada ya siku mbili akafa wa pili.

Nikasema huyu ni kicheche. Tukakagua wavu wote, hatukuona tundu. Basi nikamgeukia kijana anayehudumia banda: umelala, au umeacha mlango wazi? Akanijibu taratibu, "Mzee, hawa wanauana wenyewe." Nikaona ananifanya mtoto mdogo. Majogoo hupigana, hilo kila mtu analijua, lakini mitetea wauane? Nikamkata mshahara, fidia ya matembe wawili.

Jumapili iliyofuata nikageuza ndoo, nikaikalia ndani ya banda toka asubuhi. Haikupita nusu saa nikamwona mbabe mwenyewe: mtetea mwekundu, mkubwa wa umri. Amesimama mbele ya chombo cha chakula, na kila tembe aliyesogea alidonolewa kichwani. Waliofukuzwa walijibana pembeni, na huko pembeni wengine wakawanyofoa manyoya ya mkia. Kijana alikuwa amesema kweli.

Mambo haya yana historia. Huko Norway alikuwapo mtu aitwaye Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyezaliwa mwaka 1894. Tangu utotoni alikuwa akiandika daftarini kuku gani kamdonoa kuku gani. Mwaka 1922 akayachapisha kwa Kijerumani yale aliyoyaona: kuku wana ngazi ya vyeo. Wa kwanza huwadonoa wote, wa pili huwadonoa wote isipokuwa wa kwanza, na hivyo hivyo hadi yule maskini wa mwisho anayedonolewa na kila mmoja naye hamdonoi yeyote. Wakati mwingine ngazi hiyo hujipinda: huyu anamtawala yule, yule anamtawala wa tatu, na wa tatu anamtawala huyu wa kwanza! Nadhani hata maofisini mmewahi kuyaona hayo.

Ngazi ikishatulia, banda hutulia. Mkubwa akitazama tu, mdogo hupisha. Vita huanza unapoleta wageni, kwa maana kuku hutambuana kwa sura na upanga wa kichwani, na kila mgeni lazima apangiwe nafasi yake upya. Mimi nilikuwa nimewamwagia wageni kumi kwa mkupuo.

Lakini ugomvi wa cheo hulenga zaidi kichwa. Kunyofoa manyoya ya mgongo na mkia ni jambo jingine, wala si hasira. Ni mdomo uliokosa kazi. Kuku ameumbwa achakure kutwa nzima. Ukimsonga kwenye banda dogo lenye mwanga mkali na sakafu tupu, atachakura mwili wa mwenzake. Chakula kikipungukiwa protini au chumvi, ndiyo huzidi. Na damu ikishaonekana, kundi zima hujiunga. Hapo nikakumbuka kwamba mwezi ule nilikuwa nimebana matumizi: dagaa na mashudu nimepunguza, pumba nimeongeza. Kijana huyo huyo ndiye aliyeniuliza kwa nini.

Tukaanza kurekebisha. Wenye vidonda tuliwatenga na kuwapaka GV, ile dawa ya zambarau, maana inatibu na inaficha wekundu wa damu. Mbabe naye tulimtoa, tukamfungia peke yake siku tano. Watu wengi humtoa anayeonewa tu, na yule mwonevu akabaki na ufalme wake. Ukimtoa mbabe, wenzake hujipanga bila yeye, na akirudi anarudi kama mgeni. Chombo cha pili cha chakula na cha maji tukakiweka upande wa pili wa banda, ili mnyonge ale bila kupita mbele ya mkubwa. Tukaongeza maranda sakafuni na vichanja vya kulalia, tukatundika kabichi kwa kamba waruke wakidonoa, tukaziba dirisha moja kwa gunia. Chakula kikarudi kama zamani. Ukitaka kuleta wageni, watenge kwa wavu kama wiki moja, waonane bila kugusana, kisha wachanganye usiku wakiwa wamelala.

Nilishauriwa pia niwakate midomo. Simlaumu mwenye kuku elfu anayefanya hivyo, lakini mdomo wa kuku si kucha; una mishipa ya fahamu, na chuma cha moto kinauma. Norway walipiga marufuku tangu mwaka 1974, na kuku wao wanataga. Kwangu mimi, kukata mdomo huku banda limesongamana na dagaa hakuna ni kumwadhibu kuku kwa kosa la mwenye kuku.

Yule mwekundu alirudi akakuta mambo yamegeuka. Siku ya kwanza tu alidonolewa na tembe. Tangu hapo hatujaokota mzoga.

Mwisho wa mwezi nilimrudishia kijana fedha yake, nikamwomba radhi mbele ya mama watoto. Aliipokea, akasema ahsante mzee, akaenda kubadilisha maji ya kuku. Ila siku hizi kuku akiugua au yai likivunjika, hagusi kitu. Huniita kwanza nije nione kwa macho yangu.