THAMANI YA KIJANA MCHEZAJI HUPIMWAJE?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka, Chake Chake, Pemba)



Nimetakiwa nizungumze juu ya michezo na maisha. Mada hiyo ni pana, nami sipendi kuwachosha. Nimechagua sehemu moja tu, nayo ni swali linaloulizwa katika baraza nyingi za kisiwa hiki: kijana wa miaka kumi na saba anayecheza mpira vizuri ana thamani gani, na nani mwenye haki ya kuipanga?

Swali hili lina sababu ya kuulizwa sasa. Mwezi wa Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa hapa kwetu Gombani kwa timu za taifa, na timu ya Zanzibar ikalichukua kwa kuifunga Burkina Faso mabao 2 kwa 1. Vijana wetu walijionea kwa macho yao kwamba mpira ni kazi, na kazi ina malipo. Lakini panapoonekana mali, na wanunuzi hufika, na si kila mnunuzi huja na mizani ya haki.

Kabla sijaendelea, niliweke sawa neno moja. Tumezoea kusema kwamba mchezaji fulani "ameuzwa". Visiwa hivi vinajua maana ya mtu kuuzwa, na neno hilo halitupendezi kulitumia ovyo. Mchezaji hauzwi. Kinacholipiwa ni muda uliobakia katika mkataba wake: klabu mpya huilipa klabu ya zamani ili imwachie kabla ya siku zake kwisha. Siku zikesha, hakuna cha kulipia. Mahakama ya Ulaya ililisema jambo hilo wazi tarehe 15 Disemba 1995, katika kesi ya mchezaji wa Ubelgiji aitwaye Jean-Marc Bosman. Basi kila nitakaposema "bei", nakusudia bei ya mkataba na wala si bei ya mtu.

Sasa bei hiyo hupatikanaje? Nyote mnajua habari ya kukodi mikarafuu. Mwenye shamba ana shida ya fedha, na karafuu bado ziko mtini, mbichi. Anakuja mkodi, anazunguka shamba, anainua macho, anakisia pishi ngapi zitashuka, kisha anataja kiasi chake. Kiasi hicho huwa kidogo kuliko thamani ya karafuu kavu zilizokwisha kupimwa na kupangwa madaraja kituoni. Mkodi atatetea bei yake, na hoja anazo: mvua yaweza kuziharibu zikiwa jamvini, wachumaji wahitaji kulipwa, na msimu wenyewe waweza kuwa mbaya. Anachonunua yeye ni matumaini pamoja na hatari yake.

Kijana wa miaka kumi na saba ni karafuu za mtini. Anayemtaka hanunui mabao aliyokwisha kufunga Gombani. Ananunua mabao ambayo huenda akayafunga miaka mitano ijayo. Katika vijana kumi wa namna hiyo, akifika mmoja kwenye daraja la juu ni jambo la kushukuru. Kwa hiyo bei ya yule mmoja hubeba hasara ya wale tisa. Mzazi asiyejua hesabu hii hukasirika akiona bei ndogo, au hufurahi mno akionyeshwa noti chache. Yote mawili hayamsaidii.

Niwapelekeni mbali kidogo, kwa sababu huko Marekani na Kanada kuna mchezo ambao kazi hii ya kupima vijana imekuwa taaluma kamili. Ni mpira wa magongo wa barafuni. Mpira wa magongo wa kawaida tunaujua. Timu ya Tanzania iliucheza kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Wao huucheza juu ya barafu, kwa viatu vyenye makali ya chuma chini yake. Kila mwaka klabu zao huchagua vijana wa miaka kumi na minane hivi, kwa zamu. Klabu iliyomchagua kijana yaweza kuibadilisha haki yake juu yake kwa wachezaji wengine, au kwa zamu ya kuchagua ya mwaka unaofuata.

Mwaka 1991 kijana wa Kanada, Eric Lindros, alichaguliwa wa kwanza kabisa na klabu ya Quebec. Alikataa kuichezea. Mwaka 1992 klabu ya Philadelphia ikamchukua, na kwa ajili yake ikatoa wachezaji sita, zamu mbili za uchaguzi wa kwanza, na dola milioni 15. Miongoni mwa hao sita alikuwamo kijana wa Sweden, Peter Forsberg, ambaye alikuwa hajacheza hata mchezo mmoja katika ligi hiyo. Klabu ya Quebec ilihamia Colorado mwaka 1995, na mwaka 1996 ikatwaa ubingwa, Forsberg akiwa mmoja wa nguzo zake. Lindros alikuwa mchezaji mkubwa kweli, lakini aliandamwa na majeraha ya kichwa na hakupata ubingwa huo maishani mwake. Miaka michache baadaye klabu ya Detroit ilimchagua Pavel Datsyuk akiwa wa 171, mwaka 1998, na Henrik Zetterberg akiwa wa 210, mwaka 1999. Wote wawili walikuwa viongozi wa timu iliyotwaa ubingwa mwaka 2008.

Wale ni watu wenye wapelelezi, madaktari na hesabu za kila namna, na bado hukosea. Basi mtu akija hapa Chake Chake, akamtazama kijana kwa dakika tisini, akasema anajua thamani yake kwa yakini, tumsikilize kwa adabu lakini tusimwamini.

Hata hivyo, kukisia si kubahatisha. Yapo mambo manne ambayo kila mpimaji wa haki huyatazama.

Kwanza ni umri. Kijana wa miaka kumi na saba na wa miaka ishirini na mbili wakicheza sawasawa, bei hazilingani, kwa kuwa wa kwanza bado ana nafasi ya kukua. Ndiyo sababu wengine hushawishika kupunguza miaka. Tanzania ilitolewa kwenye mashindano ya Afrika ya vijana chini ya miaka 17 ya mwaka 2005 kwa kosa la umri, na Aprili 2018 timu ya vijana ya Zanzibar ilirudishwa kutoka Burundi kwa jambo hilo hilo. Tangu mwaka 2009 FIFA hutumia picha za mfupa wa kifundo cha mkono katika mashindano ya umri huo. Mwenye cheti cha kuzaliwa kilicho safi ana mali mkononi.

Pili ni mahali alipoonekana. Mbwana Samatta alikuwa African Lyon, akaenda Simba, na mwaka 2011 akavuka kwenda TP Mazembe ya Kongo. Mwaka 2015 alitwaa nao ubingwa wa Afrika, na Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Ndipo Genk ya Ubelgiji ikamchukua. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi na timu yake ikawa bingwa. Januari 2020 Aston Villa ya Uingereza ikamsajili kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa pauni milioni 8.5. Kila ngazi ilipandisha bei, na hakuna ngazi aliyoiruka.

Tatu ni afya. Goti lililotibiwa kwa mafuta ya taa na kitambaa halifichiki mbele ya daktari wa klabu.

Nne ni mkataba. Mchezaji aliyebakiwa na miezi sita huruhusiwa kuzungumza na kutia saini kwingine, kwa hiyo bei yake hushuka hata kama anacheza vizuri zaidi ya jana. Na saini ina nguvu kuliko miguu. Disemba 2022 ndugu yetu Feisal Salum alitaka kuvunja mkataba wake na Yanga kwa kurejesha fedha. Kamati ya TFF iliamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Hakuhamia Azam mpaka Juni 2023, klabu mbili hizo zilipoelewana. Sisemi nani alikuwa na haki. Nasema huyu alikuwa mchezaji mkubwa, taifa zima likimjua, na bado karatasi ilimshika nusu mwaka. Itakuwaje kwa kijana asiyejulikana na mtu?

Nimeletewa mkataba wa kijana mmoja wa kisiwa hiki niusome. Simtaji yeye wala aliyempa. Alikuwa na miaka kumi na sita. Mkataba ni wa miaka mitano. Mahali pa tarehe pameachwa wazi. Kifungu kimoja kinasema kwamba "mlezi" wake wa mpira atachukua nusu ya fedha zote za kuhama kwake, popote duniani, maisha yake yote. Kwa hayo yeye alipewa nauli ya meli kutoka Mkoani, jozi moja ya viatu, na ahadi.

Ndugu zangu, karibu kila mstari wa karatasi ile umekatazwa. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kufungwa kwa zaidi ya miaka mitatu. Tangu tarehe 1 Mei 2015 mtu wa pembeni haruhusiwi kumiliki sehemu ya fedha za kuhama kwa mchezaji. Na kijana wa umri ule hasajiliwi nje ya nchi yake ila kwa sababu chache maalumu. Lakini kanuni haina miguu ya kuja Pemba yenyewe. Lazima awepo mtu wa kuisoma.

Na zipo kanuni zinazotupa haki ambazo hatuzidai. Mchezaji akihama kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa malipo, asilimia 5 ya fedha hizo hugawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Kwa kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15, klabu hupata robo ya asilimia moja. Kwa kila msimu wa miaka 16 hadi 23, nusu ya asilimia. Tufanye hesabu. Klabu ya Wete imemlea kijana tangu ana miaka 12 hadi mwisho wa msimu wa miaka 17. Misimu minne ya mwanzo ni asilimia 1, na misimu miwili ya baadaye ni asilimia 1 nyingine. Jumla ni asilimia 2. Akihamishwa kwa dola 1,000,000, sehemu ya Wete ni dola 20,000. Akihamishwa tena baada ya miaka mitatu, hulipwa tena.

Tangu Novemba 2022 fedha hizi hupitia taasisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, na hugawiwa kwa kufuata kumbukumbu za usajili. Paris hawaji kuuliza barazani nani alimlea. Na kwetu kuna uzito mwengine: Zanzibar si mwanachama wa FIFA, mwanachama ni TFF. CAF ilitukubali kuwa mwanachama kamili mwezi wa Machi 2017 na kutuondoa Julai mwaka huo huo. Kwa hiyo usajili wa kijana wetu ukiishia katika daftari la huku peke yake, huenda huko usionekane kabisa.

Nimalizie kwa maombi matatu.

Kwenu vijana: msitie saini karatasi ambayo mzazi na mwalimu hawajaisoma, wala yenye tarehe iliyo wazi. Na msiache skuli. Nimesema katika kumi hufika mmoja. Mkodi amekwisha kujikinga na hasara ya wale tisa kwa bei yake ndogo. Nyinyi kinga yenu ni cheti cha mtihani.

Kwa viongozi wa klabu na walimu wa michezo: msipeleke kijana kwa fedha taslimu peke yake. Chukueni kidogo leo, na katika makubaliano ya klabu kwa klabu mbakishe asilimia ya uhamisho ujao. Mwenye shamba mwerevu hukodisha na kubakisha miti yake michache.

Kwetu sisi tuliosoma hapa: miongoni mwetu wamo mahakimu, wahasibu, madaktari na makarani wa usajili. Napendekeza tuunde kamati ya watu watano, bila posho, itakayosoma mkataba wa kijana yeyote wa skuli hii kabla hajatia saini, na itakayomsaidia Mwalimu Mkuu kuweka daftari moja: jina la kijana, tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye cheti, klabu iliyomsajili, na msimu. Daftari hilo halitagharimu zaidi ya kalamu na uaminifu. Mimi niko tayari kuanza Jumamosi ijayo, na nahitaji wenzangu wanne.