Nyumba Yetu, Kiwanja cha Mwingine
Hotuba ya Halmashauri juu ya ruzuku na mikopo ya kujenga, iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka wa wanachama, Shelly Beach, Likoni



Katika mkutano uliopita Halmashauri ilipewa kazi ya kueleza habari za fedha zitolewazo kwa ajili ya kujenga, kufunza kazi za mikono na kutengeneza nyumba. Wanachama wengi wamechoka kusikia ya kwamba mabilioni ya shilingi yametengwa, na huku kuta zao hapa Shelly Beach zaendelea kumomonyoka kila masika. Tumeuliza, tumesoma sheria, na leo twaleta tulichokipata. Baadhi ya maneno haya hayatapendeza, lakini wazee hawakututuma tulete habari tamu peke yake.

Kwanza yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ruzuku ni fedha itolewayo isirudishwe. Mkopo hurudishwa, uwe na faida au usiwe nayo. Serikali imeyaita yote mawili kwa jina moja la mfuko, na jina hilo limewatia watu taabuni, kwa kuwa mtu akisikia mfuko umefunguliwa hudhani kwamba kilichobaki ni kutia mkono. Mfuko wa Vijana ulioanzishwa mwaka 2006, Mfuko wa Wanawake wa mwaka 2007 na Mfuko wa Uwezo wa mwaka 2013, yote mitatu iliundwa ili kukopesha. Ni mikopo yenye huruma, hasa kwa vikundi, lakini ni deni. Tena iliwekwa kwa ajili ya biashara. Mama aombaye fedha za kuuzia samaki akaezekea nyumba kwa fedha hizo, atalipa kwa samaki gani?

Uko pia ule uitwao Hustler Fund, uliozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, ambao humfikia mtu kwa simu yake. Ulianza na mikopo ya kuanzia shilingi 500, kwa faida ya asilimia 8 kwa mwaka, na muda wa kulipa siku 14. Hatuulaumu. Lakini wapo waliofikiri kuutumia kwa ujenzi, nasi twawakumbusha neno ambalo fundi yeyote alijua: zege huhesabiwa siku 28 kabla ya kufikia nguvu yake. Mkopo huo hufika mwisho wa muda wake zege ikiwa nusu ya safari.

Ruzuku za kweli zipo, ila ni chache. Mfuko wa Maendeleo wa Taifa kwa Watu wenye Ulemavu, ulioundwa kwa Sheria ya mwaka 2003, umetoa misaada ya vifaa, ya masomo, na ya vikundi vya kujitegemea. Mfuko wa majimbo ya uchaguzi, ulioanza mwaka 2003, umejenga madarasa mengi na kulipia karo watoto wa maskini. Hata hivyo mnamo Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua ya kwamba sheria yake ya mwaka 2015 yapingana na Katiba, ikauwekea mwisho wa tarehe 30 Juni 2026. Mashauri ya namna hiyo hupanda ngazi za mahakama, na chama chenye busara hakiwezi kuweka matumaini yake yote juu ya jambo lililo mikononi mwa majaji. Tena uko mpango wa kutengeneza mitaa duni, ulioanza mwaka 2011 kwa msaada wa Benki ya Dunia, ambao hutengeneza barabara, mifereji ya maji ya mvua na taa, na kupima viwanja. Huo hautii hata bati moja juu ya paa la mtu. Hata hivyo twaukumbuka kwa wema, kwa sababu ya hilo la mwisho la kupima viwanja, ambalo tutalirudia.

Na wale wenu mfanyao kazi bandarini au mahotelini mwajua ya kwamba kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, asilimia moja na nusu ya mshahara wenu hukatwa, na mwajiri hutoa kiasi kama hicho. Fedha hizo hujenga nyumba mpya za kuuzwa. Hatusemi ni vibaya. Lakini mzee mwenye nyumba ya vyumba sita aliyoijenga yeye mwenyewe, yenye baraza mbele na ua nyuma, hahitaji kununua vyumba viwili ghorofa ya saba. Haja yake ni kutengeneza alicho nacho. Huko Uingereza jambo hili lilitambuliwa zamani. Sheria ya Nyumba ya mwaka 1949 iliweka ruzuku ya kutengeneza nyumba za watu binafsi, Serikali na baraza la mji wakitoa hata nusu ya gharama, na mwenye nyumba akatoa iliyobaki. Ombi la namna hiyo laweza kuandikwa kutoka hapa, nasi twadhani liandikwe.

Sasa twaingia katika kiini cha habari. Kila tulipouliza juu ya fedha za nyumba, ziwe za benki, za ushirika au za shirika la ufadhili, tuliulizwa swali moja kabla ya yote: hati ya kiwanja iko wapi? Na hapo ndipo watu wa pwani hunyamaza.

Wazee waijua sababu kuliko sisi. Mwaka 1908 Serikali ya Kiingereza ilitunga sheria iliyomtaka kila mtu katika ukanda wa maili kumi wa pwani alete dai lake la ardhi. Waliojua kusoma matangazo na kulipa ada waliandikishwa. Waliolima bila ya kuandika, au walioimiliki ardhi kwa pamoja kama ilivyokuwa desturi ya Wamijikenda, wengi wao hawakuandikishwa, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali. Hapo ikatoka desturi yetu hii ya ajabu ambayo mgeni hushindwa kuielewa: mtu ana nyumba, aweza kuiuza, kuipangisha na kuirithisha, lakini kiwanja kilicho chini yake ni cha mwingine, naye hulipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Wenye mashamba wengi walikataza nyumba za mawe, kwa kuwa nyumba ya mawe ni madai. Nyumba ya udongo, fito na makuti hubomolewa kwa siku moja. Basi nyumba mbovu za Likoni zisidhaniwe kuwa ni uvivu wa watu wake. Zilijengwa mbovu kwa masharti.

Ndiyo maana twasema kwamba ruzuku ya kujenga, hata ikija kesho, haitatua katika kiwanja kisicho na karatasi. Itapaa ipite juu yetu, iende kwa mwenye hati. Hata ikitua kwa bahati, itakuwa tumejenga mali ya mwenye shamba. Ufukwe wetu huu umekuwa ghali. Mwenye kiwanja anayetazama bahari na kuona bei yake hatasita sana akiletewa mnunuzi.

Hapa Likoni twalo funzo lililo karibu. Shamba la Waitiki, la ekari 930, lilikaliwa na maelfu ya watu kwa miaka mingi katika ugomvi mkubwa. Serikali ikalinunua kwa shilingi bilioni 1.1, na mwezi wa Januari 2016 hati zikatolewa kwa wakaao juu yake. Wengi walisherehekea wakidhani ni zawadi. Halafu wakaambiwa ya kwamba kila mmoja atarudisha shilingi 182,000 kidogo kidogo kwa miaka 12, na manung'uniko yakaanza. Sisi twaona manung'uniko yale yalikuwa na haki upande mmoja, kwa kuwa mtu hufurahi kulipia kitu alichoelezwa bei yake kabla. Lakini tazameni hesabu yenyewe: bila ya faida ni kama shilingi 1,264 kwa mwezi. Wapo kati yetu walipao karibu na hiyo kwa kodi ya kiwanja ambacho hakitakuwa chao hata wakilipa miaka mia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 imeweka mfuko wa kununulia ardhi ya kuwapa makazi wasio na ardhi, kwa hiyo njia iliyopitwa na Waitiki haikufungwa baada yake. Ni njia ndefu, tena yapita katika ofisi nyingi.

Iko njia ya pili, nayo yatoka Voi. Katika miaka ya 1990, wakazi wa mtaa wa Tanzania-Bondeni, waliokuwa wamejenga juu ya ardhi isiyo yao, walisaidiwa na Serikali ya Kenya pamoja na shirika la Wajerumani kupata ardhi kwa jina la jamii nzima. Kila mtu akabaki na nyumba yake. Ardhi ikawekwa chini ya wadhamini, isiuzwe na mtu mmoja mmoja. Waliogopa, na kwa haki, kwamba kila mtu akipewa hati yake peke yake, matajiri watazinunua moja moja na baada ya miaka kumi mtaa utakuwa wa wageni. Sheria ya Kenya haikuwa na mlango ulio wazi kwa jambo hilo, ikawabidi waunganishe chama kilichoandikishwa na wadhamini wa kushika hati. Wapo wanachama wetu wasioipenda njia hiyo, wakisema kwamba mtu asiyeweza kuuza si mwenye mali. Twawaheshimu. Lakini wale walioshuhudia jinsi viwanja vya ufukweni vilivyouzwa kwa bei ya ng'ombe wawili, wataelewa hofu ya watu wa Voi.

Tuje katika mafunzo, ambapo habari ni njema zaidi. Hapo kisiwani pana mfano mkubwa wa ruzuku iliyozaa. Mwaka 1948 ulianza mpango wa chuo cha ufundi cha Waislamu wa Afrika Mashariki. Aga Khan alitoa fedha, Sultani Khalifa bin Haroub wa Zanzibar alitoa, jamii ya Mabohora ilitoa, Serikali ya Kiingereza ikatoa. Na Sheikh Khamis bin Mohamed bin Juma Al-Mutwafy, mtu wa Mombasa, alitoa ardhi ekari 33. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Chuo hicho kikafunguliwa kwa watu wote mwaka 1966, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Wengi huwataja wafalme waliotoa fedha. Sisi twapenda kumtaja yule wa ekari 33, kwa kuwa bila ya kiwanja fedha zile zingejenga wapi?

Kwa vijana wetu jambo lililo karibu zaidi ni mtihani wa ufundi wa Serikali, wenye daraja la tatu, la pili na la kwanza. Kila mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi ili kuendesha mafunzo ya kazi nchini. Mwashi au seremala aliyejifunza kwa kushika mwiko nyuma ya baba yake, bila ya kukanyaga darasa, aweza kufanya mtihani huo kwa kazi ya mikono yake. Twao mafundi hapa waliojenga nusu ya nyumba za Likoni, nao hulipwa kama vibarua na wenye kandarasi wa mbali kwa sababu hawana kipande cha karatasi. Halmashauri yapendekeza kwamba katika fedha za chama za mwaka ujao, kabla ya kitu kingine chochote isipokuwa mazishi, itengwe ada ya mtihani kwa mafundi kumi. Wakifaulu, wataweza kuandikisha kikundi chao chini ya Sheria ya Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, ambayo hutaka watu wasiopungua kumi, na kuomba kazi za Serikali katika ile asilimia 30 iliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, kila mmoja kwa haki yake.

Na kwa wale ambao hawawezi kungoja hati, twatoa maneno mawili ya matengenezo. Msichote mchanga wa ufukweni kwa zege, ingawa ni wa bure na uko mlangoni. Chumvi yake hula nondo, na nguzo hupasuka kutoka ndani. Na mwenye fedha kidogo aanze na paa na mfereji wa maji, kwa kuwa ukuta wa udongo uliokauka hudumu, ila uliolowa hauna dawa. Rangi na vigae ni vya mwisho, ingawa twajua ya kwamba jirani huviona kwanza.

Mapendekezo yetu, pamoja na lile la mafundi, ni kwamba kila mwanachama aliye katika nyumba isiyo na ardhi aandikishwe: jina lake, jina la mwenye kiwanja, kodi alipayo na miaka aliyokaa. Daftari hilo ndilo tutakalokwenda nalo katika ofisi ya ardhi na ya Kaunti, kwa kuwa hadi leo tumekwenda na malalamiko, na malalamiko hayana safu ya kujazwa katika fomu. Suala la njia ya Voi au ya Waitiki lipigiwe kura baada ya daftari kukamilika, si kabla.

Katibu atakuwa na daftari kila Ijumaa na Jumapili baada ya saa kumi za jioni, kwa muda wa miezi mitatu kuanzia mkutano huu. Risiti za kodi ya kiwanja ziletwe zote, hata zilizochanika au kufifia, hata zenye jina la marehemu baba au babu. Wajane waliofiwa na wenye nyumba nao waje wenyewe, wasitume shemeji.