HOTUBA YA MWENYEKITI: JEMBE SHULENI LISIWE ADHABU

  

Kwanza tumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo. Miaka kumi si mchezo. Kisanduku chetu bado kina kufuli tatu, na funguo bado ziko kwa watu watatu. Habari za hisa, mikopo na marejesho Mweka Hazina amezieleza katika ukurasa wake, mimi sizirudii. Mimi nimeomba niseme juu ya somo la kilimo shuleni, maana mkutano wetu ujao utalipigia kura.

Najua baadhi yenu mmenung'unika. Mmesema, "Mama Mwenyekiti, mtoto nimempeleka shule aachane na jembe, wewe unataka akalikute kule kule?" Jamani, nawaelewa. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo. Lakini sisi tuliosoma miaka ya themanini si tunakumbuka? Ukichelewa namba, matuta. Ukipiga kelele darasani, matuta. Kwa nini mbegu zinapandwa kwa nafasi, hakuna aliyetueleza. Tulitoka shuleni tunalichukia jembe, na mpaka leo ndilo linalotulisha. Siombi mambo yale yarudi. Naomba watoto wafundishwe sayansi ya kilimo.

Hebu tukumbuke mwaka 2016. Hapa mkoani kwetu Dodoma na kwa jirani zetu wa Manyara watu waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Waliohesabiwa kuugua walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Sumu hiyo inatokana na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri, au zilizoliwa na wadudu. Punje inaweza kuonekana nzuri kumbe ina sumu. Na ukipika ugali ukaiva sawasawa, sumu haiishi. Sasa mtoto anayejua hayo, je, amepoteza muda shuleni? Huyo anaweza kuokoa nyumba nzima.

Tena kufundisha hakuhitaji maabara kubwa. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi kidogo na chumvi kavu, funga, tikisa, kisha acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu, rudisha juani. Isipoganda, yanafaa kuwekwa ghalani. Chupa haipimi sumu, jamani, inapima ukavu tu. Lakini ukavu ndio kinga. Hapo hapo mwalimu ataonyesha kwa nini tunaanika juu ya turubai na siyo chini kwenye udongo, na kwa nini tunachambua punje zilizovunjika na zenye ukungu.

Au chimbua mche wa kunde taratibu, mtaona vinundu kwenye mizizi. Kata kimoja. Kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi: vijidudu vilivyomo vinachukua naitrojeni ya hewani na kuilisha mimea. Sisi tumechanganya kunde na mahindi tangu kwa bibi zetu. Mtoto akijua sababu yake, ataweza naye kujaribu jambo jipya.

Kwa hiyo pendekezo la kamati ni hili. Tuko wanachama 30. Kila mmoja atoe Sh. 500 kwa mwezi kwenye mfuko wa jamii. Ni Sh. 15,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni Sh. 180,000. Hela hiyo inunue turubai, chupa, mbegu na madaftari ya shamba. Si nyingi, ila ni ya kwetu, hatumsubiri mfadhili.

Lakini tuna masharti, na Mwalimu Mkuu nayasema mbele yako kwa heshima. La kwanza, shamba lisitumike kumwadhibu mtoto hata siku moja. La pili, mavuno yaingie kwenye uji wa wanafunzi, na yaandikwe kwenye daftari ambalo mzazi yeyote anaweza kulisoma. La tatu, wavulana na wasichana wafanye kazi sawa. Isiwe wasichana wanachota maji na wavulana ndio wanaopima na kuandika.

Akina mama, tumekopeshana kwa ajili ya sare na madaftari, tukafanya vema. Ila wengi wa watoto wetu wataishi hapa hapa, kwa mashamba haya haya. Tukiwaachia shamba bila maarifa, tumewaachia nusu ya urithi. Siku ya kura njooni wote, na mwenye swali aulize. Asiyekubali naye aseme, ndiyo kawaida yetu.

 Akina mama oyee!