Kumtetea Mbwa: Mapenzi na Ukatili katika Amores perros



Gari linakimbizwa katika mitaa ya Jiji la Mexico. Kiti cha nyuma kimelowa damu ya mbwa aliyepigwa risasi. Usukani anao kijana, Octavio. Wanaomfukuza wana silaha. Anavuka taa nyekundu, kishindo kinasikika. Ndivyo inavyofunguka Amores perros ya Alejandro González Iñárritu, iliyoandikwa na Guillermo Arriaga. Ilitoka mwaka 2000, mwaka uleule wapigakura wa Mexico walipokiangusha chama cha PRI baada ya miaka 71 madarakani.

Perro kwa Kihispania ni mbwa. Likitumika kama sifa, hutaja jambo gumu, lisilo na huruma. Wepesi wa kuhukumu husema filamu hii inaonyesha binadamu aliyegeuka mnyama. Jioni hii nimekuja kumtetea mnyama.

Mbwa yule anaitwa Cofi. Aliua mara ya kwanza mtaani, baada ya mbwa mwingine kufunguliwa amshambulie. Octavio akaona riziki. Anampenda Susana, mke wa kaka yake Ramiro, na anataka watoroke. Basi Cofi anapelekwa kwenye mapigano ya kamari, na kila noti anayokabidhiwa Susana imetoka kwenye meno ya mbwa. Hatimaye Octavio anapanga kaka yake apigwe. Yote hayo, kwake, ni mapenzi.

Ajali ile ya mwanzo inamvunja mguu Valeria, mwanamitindo. Mpenzi wake Daniel ameacha mke na watoto kwa ajili yake, akamtafutia fleti nzuri. Sakafu inatoboka, kijibwa chao Richie kinazama, na usiku wanakisikia kikilia chini ya mbao. Humo ndani hakuna bastola, lakini maneno yanauma. Dirishani linaonekana bango la manukato lenye picha ya Valeria. Anaporudi kutoka hospitalini, mguu umekatwa. Anatazama nje, bango ni tupu, limeandikwa kwamba nafasi ipo.

Sasa twende kwa El Chivo. Alikuwa mwalimu, akamwacha binti yake mdogo akaenda msituni kupigania ulimwengu bora, akafungwa miaka mingi. Leo husukuma mkokoteni wa taka, hulea mbwa wa mitaani, na huua kwa malipo. Anamwokoa Cofi kwenye ajali na kumtibu jeraha. Siku moja anarudi nyumbani: mbwa wake wote wamelala wamekufa, na Cofi amesimama katikati yao, mdomo una damu, mkia unatikisika.

El Chivo anainua bastola, na mkono unashindwa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mwalimu huyu wa zamani anajua mwanafunzi hodari akimwona. Cofi amefanya kazi ileile aliyolipwa El Chivo, tofauti ni kwamba mbwa hakuulizwa kama anaitaka.

Baada ya hapo El Chivo ananyoa ndevu, anakata kucha, anavaa miwani aliyokuwa ameiacha kwa miaka. Anamwachia binti yake ujumbe wa simu, anayeamini baba alishakufa; mashine ya simu inakata kabla hajamaliza. Kisha anaondoka na Cofi kwenye ardhi kavu, nyeusi. Hatuambiwi kwamba amesamehewa. Tunaona tu kwamba hatimaye ameamua kutazama alichokifuga.