Kitimoto Nyumbani: Iive Mpaka Ndani!

Vijana wenzangu, kwa sisi tunaokula kitimoto, si lazima tukaifuate baa. Kwanza kagua nyama: ukiona vilengelenge vyeupe kama punje za mchele, usinunue. Humo mna watoto wa tegu. Kata vipande vyembamba, paka chumvi, tangawizi na ndimu. Bandika na maji kidogo, funika, chemsha mpaka maji yakauke, halafu kaanga kwa mafuta yake yenyewe. Pasua kipande kinene: bado kina wekundu? Rudisha jikoni!

Nyama isiyoiva inakupa tegu tumboni. Mwenye tegu asiponawa baada ya kutoka chooni, mayai yake huingia kwenye chakula. Ukiyameza, vijidudu vinaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Si kurogwa, jamani. Ivisha, tumia choo, nawa kwa sabuni.