Kuomba Nafasi ya Udaktari: Mzigo wa Mtoto na Mzigo Wetu

Hotuba kwa waumini na majirani katika maadhimisho ya hekalu letu

Wengine wenu mmetoka mwaloni Nkome alfajiri, kabla dagaa hawajaanikwa, ili mje mkae nasi katika siku hii. Tunawashukuru.

Kamati iliponiomba nizungumze juu ya elimu, nilidhani wamekosea jina. Elimu yangu iliishia sekondari, na tangu hapo nimekaa nyuma ya kaunta nikiuza nyavu, kamba, misumari na saruji. Lakini miaka kadhaa iliyopita niliongeza chumba ubavuni mwa duka, nikaweka mashine ya kurudufu na kompyuta mbili, na chumba hicho kikawa mahali ambapo vijana huja kuombea shule, vyuo na mikopo. Mwenye mashine ya kurudufu huona vyeti vya watu wengi kuliko mwalimu mkuu, na huona nyuso zao pia. Nitakayosema leo nimejifunza humo.

Nitawazungumzia wale wanaotaka kuwa madaktari. Kijana wa namna hiyo ana kazi mbili. Ya kwanza ni mtihani: fizikia, kemia na baiolojia. Kazi hii hakuna awezaye kuifanya kwa niaba yake. Ya pili ni maombi: fomu, vyeti, picha, namba, tarehe, ada ya kuomba. Hii ya pili karibu yote yaweza kubebwa na mtu mzima mwenye subira. Nasi tunafanya kinyume. Katika ile ya kwanza tunamhubiria asubuhi na jioni, “soma, soma,” kana kwamba hajui. Ile ya pili tunamwachia peke yake.

Tazameni mwaka wake ulivyo. Mwanafunzi wa kidato cha nne hujaza fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo, ile waiitayo Selform, kabla hajaufanya mtihani wenyewe. Ana miaka kumi na sita au kumi na saba, anajiandaa kwa mtihani wa Novemba, naye anaambiwa aamue kama atakwenda kidato cha tano kusoma PCB au atakwenda chuo cha kati. Baada ya matokeo Serikali humpa nafasi ya kubadili machaguo yake katika mtandao wa TAMISEMI, na hilo ni jambo jema. Ila wengi katika vijiji vyetu hupata habari hiyo wakati muda umekwisha. Mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa zikafika 65. Wazazi wengi niliokutana nao hawakuweza kutaja hata tano.

Hapa niwaseme kidogo watu wa nyumbani kwetu. Mwaka 2023 Diwali iliangukia Jumapili, tarehe 12 Novemba, na mtihani wa kidato cha nne ukaanza kesho yake. Usiku ule tulifanya Chopda Pujan kama ada, tukaweka vitabu vipya vya hesabu mbele ya Lakshmi na Saraswati, tukavitia alama nyekundu, tukala pipi mpaka usiku wa manane. Katika nyumba moja niliyoalikwa, mtoto wa mtihani alikuwa akipokea wageni mlangoni. Niliona haya, maana mgeni mmojawapo nilikuwa mimi.

Kidato cha sita ndiko mambo yanakobana zaidi. Mtihani huwa mwezi Mei. Mara baada ya hapo vijana huitwa JKT kwa mujibu wa sheria, na matokeo hutoka mwezi Julai wengi wao wakiwa bado kambini. Matokeo yakishatoka, TCU hufungua dirisha la udahili, na Bodi ya Mikopo nayo ina dirisha lake. Nchini Uingereza mwombaji wa udaktari hutakiwa kupeleka maombi kabla ya tarehe 15 Oktoba, miezi mingi kabla ya mtihani wake wa mwisho, kwa alama alizokadiriwa na walimu. Kwetu sisi chuo husubiri matokeo halisi. Utaratibu wetu ni wa haki zaidi, naamini hivyo. Lakini umetuzoesha kudhani kwamba kabla ya matokeo hakuna la kufanya.

Lipo, na kubwa kuliko yote ni jina.

Ndugu zangu, msicheke. Mtoto wa Kisukuma amezaliwa siku ya mvua, nyumbani anaitwa Mabula. Akibatizwa anapata jina la pili. Siku ya kuandikishwa darasa la kwanza, aliyempeleka ni mjomba, na mjomba akataja jina la babu badala ya la baba. Cheti cha kuzaliwa kinakuja kutafutwa miaka kumi na miwili baadaye, na mama anataja jina la nne. Sisi Wagujarati tusijione bora. Baba anaitwa Ramesh katika pasipoti, Rameshbhai katika cheti cha mtoto, na Rameshkumar katika cheti cha shule, kwa sababu karani mmoja alidhani “bhai” ni sehemu ya jina na mwingine alijua kuwa maana yake ni ndugu. Kwa jirani hao ni mtu mmoja. Kwa kompyuta ni watu watatu.

Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na kwa yatima hutaka pia vyeti vya vifo vya wazazi vilivyohakikiwa. Majina yakigongana, kijana huhitaji hati ya kiapo mbele ya wakili, na wakili hayupo Nkome. Ni nauli ya kwenda Geita mjini na kurudi, na ada, na mara nyingi ni kwenda tena. Wapo watoto wa mwaloni ambao hawana cheti kabisa. Wana tangazo la kizazi lililolowa maji ya ziwa, au kadi ya kliniki tu. Yote hayo yangeweza kushughulikiwa Januari na Februari, na mjomba yule yule aliyekosea jina, wakati mtoto yumo darasani akisoma. Badala yake yanashughulikiwa Agosti, kwa mbio na kwa machozi.

Sasa nina deni la kusimulia. Kijana mwenyewe ameniruhusu, mradi nisimtaje jina.

Baba yake ni mvuvi wa sangara. Alisoma PCB katika shule ya bweni ya Serikali, akafaulu vizuri. Kabla ya kwenda JKT alipita dukani kwangu kuandaa karatasi zake, na kwa kuwa simu yake ilikuwa mbovu, msaidizi wangu akamwambia atumie namba ya simu ya duka. Nilikuwapo, nikasikia, nikaona ni msaada. Matokeo yalipotoka tulimjazia maombi kama tulivyokubaliana, naye akachaguliwa udaktari katika vyuo viwili. Ninyi mliopita njia hiyo mnajua kinachofuata: aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja hana budi kuthibitisha chuo anachokitaka, kwa namba ya siri anayotumiwa katika simu aliyoombea. Namba ile ilikuja. Ilikuja katika simu ya duka, kati ya ujumbe wa wateja wanaouliza bei ya nyavu na matangazo ya kampuni za simu. Msaidizi yule alikuwa amekwisha kuacha kazi, na aliyempokea hakujua habari. Mimi nilikuwa Mwanza kufuata mzigo. Niliporudi na kuufungua ujumbe, siku zilikuwa zimepita.

Tuliomba katika awamu iliyofuata, lakini nafasi za udaktari katika vyuo tulivyoomba zilikuwa zimejaa. Kijana akakaa mwaka mzima mwaloni akibeba ndoo za dagaa, na alama zake nzuri ziko sandukuni. Mwaka uliofuata aliomba upya, kwa simu yake mwenyewe. Leo yupo mwaka wa nne. Hajawahi kunilaumu hata kwa neno moja. Kila akija likizo huingia dukani, ananiamkia kwa adabu, ananunua kalamu, anaondoka. Ningependelea anigombeze.

Baada ya tukio hilo nilibandika ukutani karatasi yenye maneno haya: Namba ya simu iwe ya mwombaji au ya mzazi wake, wala si ya duka. Wateja wengine hudhani ninakwepa kazi.

Niwageukie wazazi wa jamii yetu ambao macho yao yapo India. Ni desturi ya zamani, na zipo sababu zake: ndugu wapo, chakula ni chetu, lugha tunaijua. Lakini siku hizi njia ya udaktari huko hupita katika mtihani uitwao NEET, nao huwahusu pia watahiniwa wanaotoka ng’ambo. Una maswali 180 na alama 720, na mwaka 2024 watahiniwa walizidi milioni mbili. Mwaka ule ulifanyika Jumapili, tarehe 5 Mei. Mtihani wetu wa kidato cha sita ulianza Jumatatu, tarehe 6. Mwaka 2025 ikawa hivyo hivyo, Jumapili tarehe 4 na Jumatatu tarehe 5. Vituo vya nje ya India mwaka 2024 vilikuwa katika miji 14, na katika Afrika nzima kilikuwa kimoja, Lagos. Kwa hiyo mzazi wa huku anayetaka mtoto wake afanye yote mawili mwaka mmoja anamtaka awe Dubai au Muscat Jumapili alasiri, na Jumatatu asubuhi awe ameketi kwenye dawati Tanzania. Nimemsikia mzazi mmoja akiuliza ratiba ya ndege. Ndugu yangu, mwache mtoto amalize mtihani mmoja. NEET itakuwapo mwaka ujao, na mwaka mmoja wa kujiandaa haumharibu mtu. Na msisahau kwamba anayekwenda kusoma nje huhitaji cheti cha TCU cha kutokuwa na pingamizi, na akirudi na shahada atakutana na Baraza la Madaktari kwa mtihani wake kabla hajaruhusiwa kuanza mwaka wa mafunzo kazini. Muulizeni aliyerudi, msimuulize wakala anayeuza nafasi.

Wakati huo huo tuthamini kilichopo karibu. Mwaka 1963, shule ya udaktari ilipoanzishwa Dar es Salaam, mtoto wa kanda hii alikuwa na safari ya siku kadhaa kuifikia. Wazee wenzangu watakumbuka pia Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka mtu amalize kidato cha sita na JKT, kisha afanye kazi kwanza, na apate barua ya mwajiri na ya chama ndipo afikiriwe chuo kikuu. Hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971, na tangu mwaka 2003 madaktari wanafundishwa pale pale Mwanza. Kwa daraja la Kigongo hadi Busisi lililofunguliwa mwaka 2025, mtoto wa Nkome anaweza kufika huko bila kusubiri kivuko.

Na kwa wale ambao alama zao hazitatosha, naomba tuache maneno ya “ameshindwa.” Stashahada ya utabibu ni miaka mitatu, na mtu anaweza kuiomba kwa matokeo ya kidato cha nne. Tabibu aliyekuwa zamu katika zahanati usiku ule mke wangu alipobanwa na pumu alikuwa na stashahada hiyo. Mwenye stashahada na ufaulu mzuri anaweza baadaye kuomba shahada ya udaktari. Katika fomu ile ya kidato cha nne chuo cha afya huandikwa mwisho, kwa aibu, au hakiandikwi kabisa. Nimeona watoto wakikifuta kwa kifutio mbele ya baba zao.

Sasa nifike kwenye ombi langu. Nimezungumza na kamati, nayo imekubali kutupa chumba cha nyuma, kile cha kuhifadhia viti. Kila Jumamosi, kuanzia Januari hadi mwezi wa Mei, kitakuwa mahali pa kushughulikia karatasi za wanafunzi wa kidato cha sita, na kuanzia Julai wa kidato cha nne kwa ajili ya Selform, wa dini yoyote, bila malipo. Wazazi ndio watakaokuja, na watoto wabaki na vitabu vyao. Mashine ya kurudufu nimeihamisha kutoka dukani, ipo tayari pale. Karatasi na wino ni juu yangu. Wakili mmoja wa Geita, muumini mwenzetu, ameahidi kuja Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi kwa ajili ya viapo vya majina.

Ninachokosa ni watu watatu wenye mwandiko mzuri na simu isiyobadilishwa namba, watakaokaa na daftari la kila mtoto mpaka siku atakapothibitisha chuo chake. Mmoja nimekwisha kumpata: ni yule kijana wa mwaka wa nne, wakati wa likizo zake. Wawili waliobaki nawaomba mjiandikishe kwa katibu kabla ya prasad. Ufunguo wa chumba anao yeye.